Mji na Mashamba Yake

Kuutazama mji ni kazi yenye kanuni zake, kama kulima au kusoma. Watu wengi huenda mjini, wakaona majumba marefu, maduka na magari, kisha hurudi kwao wakisema, "Tumeuona mji." Sisi twasema wameona nusu tu, kwani nusu ya pili iko shamba. Leo twapenda kuieleza kanuni hii, kwanza kwa mji mmoja wa kale wa Uingereza, kisha kwa mji wetu wenyewe, ili walimu wa Kisarawe na Kibaha waitumie wawapelekapo wanafunzi Dar es Salaam.

Mji huo wa Uingereza waitwa York, nao uko upande wa kaskazini, kando ya mto Ouse. Warumi walijenga ngome yao pale mwaka 71 baada ya Kristo. Hata leo mji wa kale umezungukwa na kuta za mawe, na mgeni aweza kutembea juu yake zaidi ya kilomita 3. Mwaka 1800 baraza la mji lilitaka kuzibomoa, lakini watu walipinga. Sehemu nyingine zilivunjwa, nyingi zikasalimika. Ndani ya kuta limesimama kanisa kuu, lililomalizika mwaka 1472 baada ya kujengwa kwa miaka zaidi ya 200. Mawe yake mengi yalichimbwa Tadcaster, kiasi cha kilomita 16 kutoka hapo. Tena iko njia nyembamba iitwayo Shambles, iliyokuwa ya wauza nyama, na nyama hiyo ilitoka malishoni. Basi mgeni atokaye nje ya kuta, akaenda kuona machimbo na malisho, ndiye aliyeijua York.

Sasa na tutazame kwetu. Dar es Salaam si ya kale kama York, lakini ina habari zake. Sultani Majid wa Unguja alianza kuijenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870, na kazi ikalegea. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji huu kuwa makao makuu ya serikali yao badala ya Bagamoyo. Boma la Kale lililo karibu na bandari ni la siku za Majid, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Reli ilianza kujengwa mwaka 1905, ikapita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907.

Je, shamba la mji huu ni lipi? Ndilo hili mkaalo ninyi. Maji mengi wanywayo watu wa mjini hutoka mto Ruvu, na mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, uko Mlandizi katika wilaya ya Kibaha. Mto Msimbazi, upitao katikati ya mji, huanzia katika vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hufunika vilima hivyo. Mizizi yake hushika udongo, na majani yake huyapunguzia maji ya mvua kasi.

Lakini misitu hiyo imekatwa sana kwa ajili ya mkaa, na mkaa huo hupikiwa chakula mjini. Mlima ukiwa uchi, maji hushuka kwa nguvu pamoja na mchanga, na wakaao mabondeni ndio wapatao taabu. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 katika Dar es Salaam. Hatusemi kwamba shoka peke yake ndilo lililowaua, kwani mvua ilikuwa kubwa mno na nyumba nyingi zilijengwa mabondeni. Twasema tu kwamba kilima na bonde ni mwili mmoja.

Kwa hiyo, enyi walimu, safari isianzie sokoni Kariakoo. Ianzieni nyumbani. Wanafunzi waone kwanza msitu na chanzo cha kijito, kisha wafuate maji mpaka baharini. Ndipo walitazame Boma la Kale. Mtoto afundishwaye hivi hatakidharau kijiji chake, wala hataustaajabia mji kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Nanyi wakubwa wa vijiji, mlindapo msitu, jueni kwamba mwailinda milango ya nyumba za ndugu zenu walio mjini. Watu wa York walisema neno, na kuta zao zipo hata leo. Ukuta uliobomolewa waweza kujengwa upya kwa mwaka mmoja. Msitu wa kale hauwezi.

Maswali kwa wanafunzi:
1. Maji unywayo hutoka wapi, na hupita wapi kabla ya kufika kwako?
2. Ni kitu gani cha kijiji chako kiendacho mjini kila siku?
3. Ni kitu gani cha kale kwenu ambacho kikipotea hakitarudi?