Kukusanya Mabirika ya Kale Yenye Nakshi za Kombe: Mwongozo kwa Mkazi wa Ngara

Birika la kale lenye nakshi za kombe ni birika la chai la kauri, la udongo au la metali ambalo fundi amelipamba kwa umbo la kombe la baharini. Nakshi hiyo hukaa mahali patatu. Tumboni, mistari huanzia kitakoni na kutawanyika kuelekea shingoni, kiasi kwamba birika zima huonekana kama kombe lililosimamishwa. Ukingoni, makombe madogo hupangwa kwa nafasi katikati ya ukanda wa vinundu. Hatimaye kuna miguu, mkono na kishikio cha kifuniko, ambapo kombe moja moja hubandikwa kama pambo.

Neno "kale" lina mpaka wake. Katika orodha ya kimataifa ya ushuru wa forodha, ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki pia inaifuata, kifungu cha 9706 kinahusu vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka 100. Birika la mwaka 1950 linaweza kuwa zuri na la kukusanywa, lakini halijafika huko.

Aina zinazopatikana

Nakshi ya kombe ilishika kasi Ulaya katika miaka ya 1730 na 1740, wakati wa mtindo wa Rokoko. Huko Meissen, Ujerumani, Johann Joachim Kändler alibuni kati ya 1737 na 1741 seti kubwa ya mezani ya Heinrich von Brühl, ambayo vyombo vyake vina mistari ya kombe. Katikati ya karne hiyo wafinyanzi wa Staffordshire, Uingereza, walimimina udongo mwepesi kwenye moldi na kupata mabirika meupe yenye umbo la kombe, yaliyong'arishwa kwa chumvi tanuruni. Kazi hizo leo ziko katika makumbusho na minada mikubwa ya ng'ambo. Mkusanyaji wa Nairobi atakutana zaidi na makundi manne ya baadaye.

La kwanza, na la kawaida kuliko yote, ni birika la metali lililopakwa fedha kwa umeme. Elkington wa Birmingham alipata hataza ya ufundi huo mwaka 1840, na ukingo wa makombe na vinundu uliokuwa wa fedha halisi mwanzoni mwa karne ya 19 ukaingia katika nyumba za kawaida na hoteli.

La pili ni Belleek, kauri nyembamba ya rangi ya maziwa yenye mng'ao wa lulumizi, kutoka kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1857 katika kaunti ya Fermanagh, Ireland. Mtindo wake wa Neptune husimama juu ya miguu ya makombe. Ule wa Tridacna umepewa jina la kombe wakubwa ambao jamii zao huishi pia katika matumbawe ya pwani ya Kenya.

La tatu ni majolika, udongo wenye rangi nzito za kung'aa. Seti maarufu zaidi, yenye makombe na mwani, ilitengenezwa na kiwanda cha Griffen, Smith cha Phoenixville, Pennsylvania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870. Kundi la nne ni kauri za Uingereza na Japani za karne ya 20, nyingi zikiwa hazijafikia umri wa kuitwa za kale.

Yalivyofika Nairobi

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mizigo kutoka Mombasa ikaanza kupanda bara pamoja na vyombo vya mezani vya walowezi, maafisa na wafanyabiashara. Ngara ilikua kuwa makazi ya familia za Kiasia, nyingi zikiwa za wafanyakazi wa reli, makarani na wenye maduka. Baada ya uhuru wa 1963 Wazungu wengi waliondoka. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 zikafanya maelfu ya Waasia wasio raia wahamie Uingereza, hasa mwanzoni mwa 1968. Anayehama hachukui kila chombo, na kabati nyingi ziliuzwa na vilivyokuwa ndani.

Jikoni nako kulikuwa na mabadiliko. Chai ya Kenya huchemshwa pamoja na maziwa kwenye sufuria, kisha humiminwa ndani ya chupa ya chai ili ikae moto. Birika la mezani likapandishwa juu ya kabati kama pambo, na ndiyo maana mengine yamefika leo bila ufa.

Mabirika ya reli yanastahili jicho la pekee. Herufi EAR&H ni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika. Herufi za namna hiyo zikiwa zimechorwa kiwandani huongeza thamani, kwa kuwa zinaeleza chombo kilitumika wapi.

Kusoma kitako

Birika hununuliwa kwa kupinduliwa. Uzuri uko juu, lakini umri uko chini, na alama za kitakoni zina kanuni zinazojulikana.

Alama ya almasi yenye herufi na tarakimu pembeni ni ya usajili wa michoro Uingereza kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 ilifuatwa na maandishi "Rd No" na namba. Neno "England" peke yake kwa kawaida huonyesha mwaka 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20. "Nippon" ni ya kabla ya 1921, na baada ya hapo huandikwa "Japan".

Belleek hutumia picha ya mbwa wa kuwinda, mnara wa mviringo na kinubi. Alama nyeusi ya kwanza ni ya 1863 hadi 1890. Ya pili, ambayo imeongezwa utepe wenye jina la Ireland, ni ya 1891 hadi 1926. Ya tatu inaishia 1946. Alama ya kijani ni ya baada ya hapo.

Kwa metali, herufi EPNS humaanisha aloi ya shaba, zinki na nikeli iliyopakwa fedha. Fedha halisi ya Uingereza hupigwa mhuri wa simba anayetembea, pamoja na alama ya mji: nanga kwa Birmingham, kichwa cha chui kwa London, na taji kwa Sheffield hadi 1974. Viwanda vingine vilipanga herufi zao ndani ya ngao ndogo ndogo ili zifanane na mihuri hiyo. Simba asipokuwepo, ngao hizo si ushahidi wa fedha.

Kukagua hali

Ukaguzi mzuri huchukua dakika chache na unahitaji mwanga wa simu na kucha. Kifuniko huanza: kikalie mdomo bila kuyumba, na rangi yake ilingane na ya tumbo. Kifuniko cha kuazima kutoka birika jingine hujulikana kwa pengo upande mmoja au kwa weupe uliotofautiana. Birika lisilo na kifuniko chake hupoteza sehemu kubwa ya thamani.

Birika la kauri hushikwa kitakoni kwenye kiganja na kugongwa kwa kucha. Lililo zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti butu. Kisha simu huwashwa na kuingizwa ndani. Kwenye kauri nyembamba mwanga hupenya ukutani, na ufa au gundi huonekana kama uzi mweusi. Mahali pa kuangaliwa zaidi ni ncha ya mdomo, shina la mkono na ncha za makombe ya miguuni, kwa kuwa ndizo zinazobanduka kwanza.

Birika lililopakwa fedha lina kipimo chake. Kombe la ukingoni limeinuka kuliko sehemu nyingine, hivyo kitambaa cha kusugulia hulipata kwanza kila mara. Mgongo wa kombe ukionyesha rangi ya manjano au ya kijivu iliyofifia, fedha imekwisha hapo.

Nakala bandia hutambulika kwa nakshi. Anayenakili huchukua moldi kutoka birika la zamani, na udongo hunywea unapochomwa. Nakala kwa hiyo huwa ndogo kidogo kuliko la asili, na mistari ya kombe lake imelegea, haina makali.

Mahali pa kutafuta na kupatana bei

Vibanda vya mitumba vya Ngara na Gikomba hupokea vyombo vilivyochanganywa, na birika la kale huweza kukaa kati ya sahani za juzi. Vyanzo vingine ni minada ya vyombo vya nyumbani, na familia zinazohama kutoka nyumba za zamani za Ngara, Pangani na Parklands kupisha majengo ya ghorofa. Kabla ya kununua, ni vyema kuzoeza jicho katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Kupatana bei kunafaa kusimama juu ya kasoro zinazoonekana. Muuzaji akionyeshwa ufa, kifuniko kisicho chake au fedha iliyokwisha, mazungumzo huenda haraka kuliko kumlalamikia kuwa bei ni ghali. Kwa upande wa pili, hakuna sababu ya kulipia neno "antiki" pekee. Kinacholipiwa ni alama, uzima na nakshi.

Usafi na utunzaji

Madoa ya chai ndani ya kauri huondoka kwa bikabonati ya soda na maji ya vuguvugu. Jik na waya wa kusugulia sufuria haviguswi, kwa kuwa hula dhahabu na kukwaruza mng'ao. Fedha husafishwa kwa nadra na kwa kitambaa laini, na weusi uliobaki katika mifereji ya kombe huachwa, kwani ndio unaolipa kina. Gazeti na mpira havifungiwi pamoja na fedha. Kitambaa cha pamba kinatosha.

Majolika ya zamani ni ya kutazamwa tu. Mng'ao wake una madini ya risasi, na chai inaweza kuyayeyusha. Kauri inayotumika ipashwe kwanza kwa maji ya vuguvugu kabla ya chai ya moto.

Kumbukumbu na sheria

Kila birika liandikiwe ukurasa wake: tarehe na mahali liliponunuliwa, bei, vipimo, picha ya kitako, kasoro, na historia aliyoieleza muuzaji. Taarifa hizo zina kazi ya kisheria pia. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Birika lililoshushwa Mombasa au Lamu na mfanyabiashara mwaka 1890 liko chini ya sheria hiyo; lililoletwa na abiria wa ndege mwaka jana haliko, hata kama umri wao ni mmoja. Mali ya kale hairuhusiwi kutolewa nchini bila kibali, kwa hiyo anayetaka kumpelekea ndugu yake zawadi ng'ambo aulize kwanza katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwenye kilima jirani na Ngara.