Kumuuguza Mgonjwa wa Kiharusi Nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi huruhusiwa kurudi nyumbani hatari ya kifo ikishapita na presha ikitulia. Anarudi mkono umelegea, mguu haumbebi, na familia imekabidhiwa mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki. Kazi kubwa ya kupona bado iko mbele, na watakaoifanya ni mke, mume, watoto na wajukuu ambao pengine hawajawahi kuuguza mtu wa namna hii.

Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu hairudi. Zile zilizobaki hai, hata hivyo, zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zilizopotea, na zinajifunza kwa kurudiarudia. Maendeleo makubwa kwa kawaida huonekana katika miezi 3 ya mwanzo. Baada ya hapo mwendo hupungua lakini hausimami. Ndiyo maana nasema huruma ya kumfanyia mgonjwa kila kitu inamchelewesha. Anayelishwa, kuogeshwa na kuvishwa kama mtoto mchanga hana nafasi ya kujifunza upya kula, kuoga na kuvaa.

Chukua shati. Mkono dhaifu ndio unaotangulia kuingia, kisha ule wenye nguvu; wakati wa kuvua, wenye nguvu ndio unaotoka kwanza. Mwache afunge vifungo mwenyewe, hata vikimchukua dakika kumi na gari la kwenda kliniki linasubiri nje. Anapotembea, simama upande wake dhaifu. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza wala kwa kumshika makwapani, kwa sababu misuli ya bega imelegea na kiungo kinaweza kuteguka. Maumivu ya bega yakishaanza, mazoezi huwa mateso.

Akiwa bado hawezi kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku na mchana, mkiangalia ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Wekundu usioondoka, au weusi mpya kwenye ngozi nyeusi, ni dalili ya kidonda kinachoanza. Kwa choo, kiti imara cha plastiki kilichotobolewa katikati na ndoo chini yake kinaweza kumwondolea aibu ya kujisaidia kitandani, mradi asiachwe peke yake.

Nyumba nyingi humkanda mgonjwa kwa maji ya moto. Hapa nawaomba muwe waangalifu mno. Upande uliopooza mara nyingi umepoteza hisia, kwa hiyo anaweza kuungua asiseme neno. Kumchua taratibu kwa mafuta hakuna ubaya, lakini hakuchukui nafasi ya mazoezi ya viungo. Mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe mazoezi hayo, nanyi myafanye mbele yake kabla ya kuondoka.

Kumeza nako kuna hatari yake. Kabla ya kumpa chochote nyumbani, ulizeni kama amepimwa uwezo wa kumeza na chakula gani kinamfaa. Mkalisheni wima anapokula, na akae hivyo nusu saa baada ya kumaliza. Maji na chai humpalia mgonjwa kwa urahisi kuliko uji mzito. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, acheni na mrudi kwa wataalamu. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Kagueni pia shavu la upande dhaifu, maana tonge hujificha humo.

Kuna wanaopoteza maneno, hasa waliopooza upande wa kulia. Wengi wao akili wanazo na masikio yanasikia, kwa hiyo kupiga kelele hakusaidii. Badala ya "Unataka nini, baba?" muulize "Unataka chai?" kisha subiri. Wageni wanaokuja kumjulia hali wasimzungumzie mbele yake kama vile hayupo. Kilio au kicheko cha ghafla kinaweza kutokana na jeraha la ubongo lenyewe. Lakini mgonjwa anayekataa chakula, halali na hataki tena mazoezi huenda ana sonona, ambayo huwapata takriban mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi. Inatibika, msidhani ni ukaidi.

Nyote msimwachie binti mmoja mzigo huu. Ndugu wakae chini wapangiane: nani wa usiku, nani wa kliniki, nani wa dawa na nani wa kutuma fedha. Aliye mbali achangie, na anayeuguza apewe siku yake ya kupumzika bila kuulizwa anakwenda wapi.

Dawa za presha zisiachwe kwa kuwa mgonjwa anajisikia vizuri, wala asipewe aspirini kwa ushauri wa jirani, kwani viharusi vingine vinatokana na kuvuja damu. Chumvi kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Na kila mmoja nyumbani, hata watoto, ajue dalili za kiharusi kingine: uso kupinda upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika. Zikitokea, tazameni saa na mkimbizeni mgonjwa hospitali. Daktari atauliza zilianza lini, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na inapofaa, kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tu.