MUZIKI UNATUNGWA NAMNA GANI?



Hapa shuleni tunasikia mara nyingi neno hili: "Fulani ana kipaji, nyimbo zinamjia tu usiku." Sisi wa kelasi ya sita hatukubali. Wimbo hauanguki mzima kama embe. Unajengwa kwa vipande vidogo, vipande vinajaribiwa mbele ya wenzako, na vingi vinatupwa. Mwenye kukubali kutupa ndiye anafika. Tunataka kuwaonyesha jambo hili kwa mifano ya mji wetu, kisha tutasema juu ya atelie tuliyoianza siku ya posho, maana kuko watu wanauliza tunafanya nini kule nyuma ya kelasi na kelele yote ile.

Kwanza tujue mchoro ni nini. Seremala hakati ubao bila kupiga mstari kwa kalamu. Mstari ule si meza, lakini bila mstari meza itakuwa na miguu mirefu na mifupi. Kwa Kifaransa tunasema esquisse. Kwa mwanamuziki, mchoro unaweza kuwa noti nne tu, au pigo moja la ngoma, au neno moja lenye sauti yake. Beethoven aliacha madaftari mengi ya michoro ya namna hii. Simfonia yake ya Tano ilimalizika mwaka 1808, lakini michoro yake ya kwanza ilikuwa ya miaka minne hivi nyuma. Katika madaftari yale anaandika, anafuta, anaandika tena. Mtu mkubwa sawa yeye! Siku hizi daftari la wengi ni simu: unaimba kidogo, unarekodi, kesho unasikiliza na unaona haya. Ni vizuri kuona haya. Ndipo kazi inaanza.

Sasa turudi nyumbani. Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974, kule reli yetu inapoishia baada ya kilometa 125, na alikomaa hapa Kisangani. Yeye ni mtu wa tiatre na wa kucheza, si mpiga gitari, lakini kazi yake inatufunza mengi juu ya muziki. Mwaka 1993 alikwenda Nairobi, na mwaka 1997 alianzisha huko kikundi Gàara pamoja na Opiyo Okach. Mwaka 2001 alirudi Kongo na kufungua Studios Kabako mjini Kinshasa. Mwaka 2006 akahamishia kazi ile hapa Kisangani. Tufikirie vizuri hapo. Wengi wanapanda mashua kushuka Kinshasa kutafuta jina, na yeye akapanda mto kurudi! Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi, na alikuwa amekwisha kurudi. Tunaandika hii juu ya wandugu wengine wa kelasi ya nne na ya tano, wanaohesabu siku za kuacha shule na kwenda "kule muziki iko". Hatuwagombezi. Tunawaambia tu kwamba kazi ya Kisangani ilisikika Ulaya na Marekani.

Mwaka 2009 Linyekula alitoa mchezo unaoitwa more more more… future. Muziki wake ulitungwa na Flamme Kapaya, yule aliyepiga gitari ya solo katika Wenge Musica Maison Mère ya Werrason. Hapa ndipo tunaomba msome polepole, juu ni kiini cha somo.

Ninyi nyote munajua wimbo wa ndombolo unavyokwenda. Mwanzo ni taratibu, mwimbaji anaeleza mambo yake. Kisha inafika sebene. Pale gitari ya solo inashika kafungu kafupi sana, ka mapigo machache, inakarudia, inakageuza kidogo, inakarudia tena. Gitari ya ritmi na mi-solo zinajibu chini yake, bezi inasukuma, na atalaku anapaza sauti kuita mchezo mpya. Kumbe sebene yenyewe ni mchoro unaorudiwa mpaka unapata mwili! Mpigaji anatazama wachezaji: wakichoka, anabadili, wakiwaka, anabaki palepale. Anatunga huku anapiga.

Kapaya alichukua ufundi huo wa baa na wa dansi akauleta jukwaani, wanamuziki wakisimama pamoja na wachezaji watatu. Maneno yalikuwa mashairi ya Antoine Vumilia Muhindo, rafiki wa Linyekula, aliyehukumiwa katika kesi ya kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila na aliyekuwa amefungwa gereza la Makala, Kinshasa. Na jina la mchezo linajibu vijana wa Uingereza, wale wa muziki wa punk, waliopiga kelele mwaka 1977 kwamba hakuna kesho. Hapa kwetu kusema "hakuna kesho" si ajabu hata kidogo. Wao walijibu kwa kudai kesho nyingi. Basi swali ni hili: maneno ya mtu wa gerezani, unaweza kuyawekea gitari ya kuchezesha watu? Baba zetu wengi watasema hapana. Sisi tunafikiri jibu halipatikani kwa kubishana. Linapatikana kwa kujaribu vipande.

Mfano wa pili unatoka karibu zaidi, Yakusu, kwa Walokele. Bwana John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza, alijifunza ngoma yao ya kuzungumza na mwaka 1949 alitoa kitabu juu yake. Ngoma ile ya mti uliotobolewa ina sauti mbili, ya juu na ya chini, kwa sababu lugha yenyewe inakwenda kwa sauti ya juu na ya chini. Neno lisaka likisemwa lote chini ni ziwa dogo la matope. Ukipandisha mwisho tu ni ahadi. Ukipandisha silabi mbili za mwisho ni sumu. Watunzi wa korale, mumesikia? Ukichukua tuni ya Ulaya na kuivika maneno ya Kilokele bila kupima, ahadi inaweza kutoka kinywani kama sumu. Kiswahili hakina shida hiyo, Lingala inayo kiasi. Kwa hiyo mtunzi anaanza kwa kusema neno kwa mdomo, mara tatu, mara nne, na kufuata njia inayoonyeshwa na neno. Toniki-solfa inakuja kisha.

Juu ya atelie. Neno hili linatisha wengine, lakini ni pahali pa kazi tu, sawa ya fundi wa toleka. Anayeongoza hafundishi wimbo wake ili wengine waurudie. Hiyo ni korale, nayo iko na saa yake. Kazi yake ni kutoa mpaka: leo noti tatu tu, leo hakuna maneno, leo kila mtu dakika moja. Kijana akipewa uhuru wote anaiga Fally Ipupa. Akipewa noti tatu anabidi kutafuta. Kisha kiongozi anauliza: tubakize nini? Na hapo lazima awe mkali kwa mchoro na mpole kwa mtu. Tumeona hiyo ndiyo ngumu kuliko gitari.

Sisi tuko watu tisa, na gitari moja ya nyuzi tano, bidon mbili za njano na chupa. Tunatunga juu ya vita ya siku sita, toka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji huu na mamia ya raia kufa. Sisi hatukuwa tumezaliwa. Tunajua kwa wazazi. Dada mmoja wa kelasi ya tano alileta neno la bibi yake, kwamba chini ya kitanda walihesabu mabomu kama mtu anayehesabu maembe sokoni. Tukachukua kuhesabu. Mchoro wa kwanza ulikuwa na maneno mengi, ukatupwa. Wa pili: bidon inahesabu moja mpaka sita, kisha kimya, kisha inaanza upya. Huo ulibaki, na kile kimya ndicho kinachouma.

Shida yetu iko kwa sebene. Nusu yetu wanasema baada ya siku ya sita gitari iingie na watu wacheze, sababu mji ulibaki hai, na waliotuzaa walicheza tena. Nusu wanasema haiwezekani kucheza juu ya makaburi, na kwamba mzazi aliyepoteza mtoto atatoka katika sala. Mwalimu mmoja tuliyemuuliza alifikiri kitambo akasema: "Mumwulize yule bibi." Dada amemwuliza. Bibi alijibu kwamba tarehe ya kumi, mizinga iliponyamaza, yeye hakucheza wala hakulia, alikwenda kutafuta maji. Basi siku ya posho inayokuja tutajaribu mchoro wa tatu, wenye sauti ya maji katika chupa pahali pa gitari.

Saa nane, nyuma ya kelasi ya sita. Mwenye uzi wa kwanza wa gitari atuletee. Na kila anayetaka kuingia aje na kazi hii: asikilize kitu kimoja cha mji kwa dakika tano, mapigo ya kinu, kengele ya toleka, makasia ya mtumbwi ukivuka kwenda Lubunga, kisha akipige kwa mikono mezani bila kueleza ni nini. Sisi tutajaribu kutambua.

Kwa jina la wenzake,
Kiongozi wa wanafunzi, kelasi ya sita