Wapangaji Wawili: Somo juu ya Makazi, Mipango Miji na Afya

Kiswahili kimelitwika neno "mpangaji" mizigo miwili. Mpangaji ni mtaalamu anayeinamia ramani na kuamua barabara ipite wapi, soko likae wapi na bonde lipi lisijengwe. Mpangaji vilevile ni yule anayelipa kodi ya chumba katika nyumba ya mwenziwe. Katika kamusi wawili hawa wanakaa mstari mmoja. Katika mji hukutana kwa nadra. Somo hili linaeleza jinsi umbali uliopo baina yao unavyozaa maradhi, na kwa nini mhudumu wa afya anapaswa kuwa miongoni mwa wanaowakutanisha. Mfano wetu mkuu ni Dar es Salaam, jiji ambalo Sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728, na ambalo sehemu kubwa ya wakazi wake wanaishi katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa.

1. Mgonjwa anarudi wapi?

Tuchukulie kwamba mtoto analetwa zahanati kwa kuhara, mara ya tatu katika msimu mmoja wa masika. Anapewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, anapata nafuu, anarudi nyumbani. Nyumbani ni chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ujia katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wa nyuma wenye jiko na choo cha shimo. Kila chumba kina kaya yake, na kaya zote hutumia choo hicho.

Mtaa wao uko bondeni, ambako maji ya ardhini yako karibu, hivyo shimo hujaa upesi. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita katika uchochoro. Mvua kubwa inaponyesha, shimo hufunguliwa ili mafuriko yachukue kilichomo. Wakazi huita kitendo hicho kutapisha choo. Kinachotapishwa hupita mbele ya milango ya majirani, huingia katika visima vifupi na hubaki katika vidimbwi wanamochezea watoto. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, na kuenea katika mikoa mingi ya Tanzania, ulitukumbusha kwamba njia hiyo haichukui kuhara kwa kawaida tu.

Dawa imefanya kazi yake. Kilichoshindwa ni uchochoro, shimo na mtaro usiokuwapo.

2. Nyumba inayoambukiza na nyumba inayokinga

Nyumba huathiri afya kwa njia zinazoweza kutajwa moja baada ya nyingine. Mbu aenezaye malaria hupenda kuingilia penye uwazi kati ya ukuta na paa. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuziba upenyo huo, kwa dari ya wavu au kwa kuweka nyavu milangoni na madirishani, kulipunguza kwa takriban nusu idadi ya mbu walioingia ndani, na kulipunguza upungufu wa damu kwa watoto. Nchini Meksiko, kaya zilizosakafiwa kwa saruji mahali pa udongo ziliona minyoo, kuhara na upungufu wa damu vikipungua kwa watoto wadogo.

Hewa nayo ina nafasi yake. Watu watano wanapolala katika chumba kimoja chenye dirisha dogo linalofungwa usiku kwa hofu ya wezi, mwenye kifua kikuu huwapa wenziwe vimelea kwa saa nyingi mfululizo. Miongozo ya makazi na afya iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 inauhesabu msongamano kuwa hatari ya kiafya, pamoja na joto na baridi kupita kiasi, hatari za ajali za nyumbani, na nyumba zisizofikika kwa watu wenye ulemavu.

Dari, sakafu, dirisha na mtaro, kwa hiyo, ni vifaa vya kinga. Tofauti yake na chandarua ni kwamba mpangaji wa chumba hana mamlaka juu ya vifaa hivyo. Hawezi kutoboa ukuta usio wake, na akiongeza dari kwa fedha zake hana hakika ya kuifaidi mwaka ujao.

3. Afya ilipotumiwa kutenga watu

Sisi wa taaluma ya afya hatuna budi kuikabili historia yetu. Chini ya Wajerumani, na baadaye Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika kanda: Wazungu mahali pao penye nafasi, Wahindi katika eneo la biashara, na Waafrika Kariakoo. Eneo la wazi la Mnazi Mmoja liliachwa kati ya Kariakoo na mji wa biashara. Hoja iliyotolewa hadharani ilikuwa kuzuia maradhi. Matokeo yake yalikuwa kuwatenga watu kwa rangi na kuwanyima wengi wao maji na mitaro iliyojengwa kwingine.

Mazoea ya kuliona eneo la maskini kuwa ndilo ugonjwa wenyewe hayakuisha na ukoloni. Katika miaka ya 1960 vibanda vilibomolewa ili nyumba mpya zijengwe mahali pake, na fedha zikaisha kabla mahitaji hayajatimia. Funzo lake ni rahisi: kumwondoa mkazi hakuondoi maradhi. Humhamishia mbali na kazi, kliniki na jirani aliyekuwa akimlelea mtoto.

4. Uboreshaji humfaidi nani?

Katika miaka ya 1970 sera iligeuka. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vyenye huduma vilipimwa Sinza na kwingineko, na maeneo yaliyokwishajengwa, kama Manzese, yakapelekewa barabara na maji bila kubomolewa yote. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Hata hivyo viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia kwa wenye kipato cha kati, waliomudu masharti ya kujenga.

Urasimishaji wa leo unakabiliwa na hatari inayofanana. Unampa mwenye nyumba hati au leseni ya makazi, jambo jema. Mpangaji haonekani katika ramani hiyo. Mtaro ukichimbwa na barabara ikifika, thamani ya nyumba hupanda, na kodi hufuata. Katika jiji ambalo wengi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, nyongeza ndogo yatosha kumhamisha mtu. Familia ya mtoto wetu huenda ikatafuta bonde jingine lisilo na mtaro, na zahanati ya huko itampokea mtoto yuleyule. Takwimu za mtaa wa kwanza zitaonyesha mafanikio.

Ipo mifano inayotia moyo. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa wakazi wa Kurasini, vikundi vya akiba vya wakazi maskini vilinunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga nyumba ndogo zinazoweza kuongezwa kidogo kidogo. Chamazi ni mbali na bandari, na nauli ni gharama. Lakini waliohamia walishiriki kuamua.

5. Mpango jumuishi unadai nini?

Kwanza, kuhesabu kaya badala ya kuhesabu nyumba, ili kila chumba kionekane. Pili, kumwalika mpangaji katika mkutano wa mtaa, kwa saa ambayo mama lishe na kibarua wanaweza kufika. Tatu, kuboresha mahali watu walipo, na kuhamisha pale tu ambapo bonde lenyewe haliwezi kukalika salama. Nne, kufunga makubaliano ya kodi kabla uboreshaji haujaanza, kwa kuwa fedha ya umma ikiingia katika mtaro, umma unayo haki ya kuuliza nani atabaki kuufaidi. Tano, kupanga matunzo: mtaro usiozolewa taka hugeuka kuwa bwawa la mbu.

Mhudumu wa afya anaweza kuanza na maswali matatu kwa mgonjwa: Mnalala wangapi chumbani? Choo mnatumia kaya ngapi? Mvua ikinyesha, maji hupita wapi? Majibu yakikusanywa kwa mitaa, bila majina ya wagonjwa, yanakuwa ushahidi ambao mpangaji wa mji hana katika ramani yake.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wako, ni ugonjwa gani unaorudi kila masika, na njia yake ni ipi?
2. Mkutano wa mwisho wa mtaa uliohusu barabara au mitaro ulihudhuriwa na wapangaji wangapi?
3. Uboreshaji ukikamilika kesho, nani atashindwa kuendelea kukaa hapo, na nani atawajibika kwake?