SOMO LA BAISIKELI: MIGUU ISIYOPUMZIKA

Kila mtu ajuaye kupanda baisikeli amezoea jambo moja: afikapo mteremkoni huacha kukanyaga, miguu yake hutulia juu ya pedali, na baisikeli huendelea kwenda yenyewe. Lakini iko baisikeli ya namna nyingine isiyompa mpandaji ruhusa hiyo. Kigurudumu chake cha nyuma chenye meno kimefungwa imara katika kitovu cha gurudumu. Kwa hiyo maadamu gurudumu linazunguka, pedali nazo huzunguka, utake usitake.

Namna hii si mpya. Ndiyo iliyokuwa desturi mpaka zilipoenea baisikeli za kupumzisha miguu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hata leo hutumika katika mashindano ya viwanja vya mviringo, kama vile keirin, mchezo ulioanza Japani mwaka 1948 na kuingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000. Wengine huipenda barabarani kwa kuwa sehemu zake ni chache na haina mengi ya kuharibika.

Baisikeli za uwanjani hazina breki, kwa maana huko wapandaji wote huelekea upande mmoja, wala hapana motokaa au mtu avukaye njia. Barabarani mambo ni mengine. Mwaka 2016, mjini London, kijana aliyepanda baisikeli ya namna hiyo isiyo na breki ya mbele alimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara, na mwanamke huyo akafa. Mwaka 2017 kijana yule alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Sheria ya Uingereza haiikatazi baisikeli hii, bali yataka iwe na breki ya mbele. Basi hilo ndilo fundisho kubwa kuliko yote: miguu peke yake haitoshi kumsimamisha mtu kwa ghafula. Mafundisho mengine ni haya:

1. Kabla ya kupanda, tazama mnyororo. Usilegee, kwa sababu ukitoka njiani waweza kukwama na kulifunga gurudumu. Kunja suruali, ufunge kamba za viatu vizuri. Mnyororo huu ukiinasa nguo hausimami. Wala usiufute kwa kitambaa huku gurudumu likizunguka. Wako waliopoteza vidole kwa kufanya hivyo.

2. Anza mahali tambarare pasipo na magari, kama uwanja wa mpira. Huwezi kurudisha pedali nyuma kwa mguu ili kuiweka tayari. Inua gurudumu la nyuma kidogo, uzungushe pedali mpaka ifike mahali pake, ndipo upande.

3. Nenda polepole, kama mwendo wa mtu atembeaye. Miguu iliyozoea kutulia kwa miaka mingi itataka kutulia, na pedali itakusukuma juu utoke kitini. Usishindane nayo, ifuate.

4. Ukitaka kupunguza mwendo, uzuie kidogo kidogo mguu unaopanda, kana kwamba unakanyaga kinyume. Ukitaka kusimama, tumia breki pamoja na miguu.

5. Penye kona, punguza mwendo mapema, wala usilale sana upande mmoja. Pedali ya ndani haiwezi kutulia juu, nayo ikigonga ardhi utaanguka.

6. Jihadhari na mteremko. Tuseme gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma 16: pedali zikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka mara 3, yaani kiasi cha mita 6 na kitu. Ukienda kilomita 30 kwa saa, miguu yako itazunguka karibu mara 80 kwa dakika. Ukifika kilomita 45, karibu mara 120. Asiyezoea hawezi kuifuata kasi hiyo. Kwa hiyo shika breki mlimani juu, kabla mwendo haujakushinda.

7. Watu wengi hushuka baisikeli ikingali inakwenda, mguu mmoja juu ya pedali na mwingine umepitishwa nyuma ya kiti. Usifanye hivyo hapa, kwa kuwa pedali uliyoisimamia itaendelea kuzunguka na kukuangusha. Simama kwanza, ndipo ushuke.

Jizoeze muda mfupi kila siku, wala usiingie katika barabara yenye magari mpaka miguu yako imesahau kabisa kutaka kupumzika. Anayejua kupanda baisikeli ya kawaida ndiye aliye katika hatari zaidi, kwa sababu hujiona fundi tangu siku ya kwanza. Mwenda pole hajikwai.