Tangazo Likituudhi, Je, Lizimwe?

Darasani kwetu, mjadala wa maadili ya matangazo ukianza, kuna sentensi lazima itasikika: "Hili linaudhi, lipigwe marufuku." Mimi huuliza kwanza: linamuudhi nani, na linamdhuru nani? Hayo ni maswali mawili, makomredi.

Chukueni tangazo la "Weka Kondomu Mpangoni" la mwaka 2013. Wanawake wawili wanapiga gumzo sokoni. Mmoja ana mume, na ana mpango wa kando pia. Mwenzake anamshauri akikutana na huyo mwingine atumie kondomu. Basi. Hakuna aliyevua nguo, hakuna tusi. Lakini viongozi wa makanisa na wa Kiislamu walikuja juu, wakasema linahalalisha uzinzi, nalo likaondolewa hewani.

Sasa tufungue Katiba. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na ubunifu wa kisanaa umetajwa waziwazi humo. Yasiyolindwa pia yametajwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na uchochezi wa chuki. Aibu haimo. Kweli, kifungu cha 24 kinaruhusu haki kuwekewa mipaka, ila kwa sheria, na kwa kiasi kinachofaa katika jamii huru ya kidemokrasia. Hasira ya wiki moja si sheria.

Wajerumani walibishana kuhusu jambo hilihili kwa miaka. Kampuni ya nguo ya Benetton ilitoa picha ya mwili wa mtu uliopigwa muhuri wa kusema ana virusi vya ukimwi. Mahakama ya Juu ya Shirikisho iliizuia mwaka 1995. Mahakama ya Katiba ikabatilisha uamuzi huo mwaka 2000, na ilipozuiwa tena, ikabatilisha tena mwaka 2003. Hoja yao naipenda: si kazi ya serikali kumkinga raia asisumbuliwe na mateso ya dunia, na picha ile haikumdhihaki mgonjwa, ilionyesha anavyotengwa. (Kuuza sweta kwa uchungu wa watu kunanikera, lakini kukereka kwangu si hoja ya mahakamani.)

Najua mtasema watoto nao hutazama runinga. Hilo nalikubali kabisa. Dawa yake ni kulisogeza tangazo usiku wa manane, si kulizima.

Linganisheni na matangazo ya kamari. Hayo yalitawala redio, runinga na simu zetu kwa miaka, yakiwaambia wanafunzi wenye pesa za HELB mfukoni kwamba utajiri uko mkeka mmoja mbele. Ni Aprili 2025 tu ambapo bodi ya kudhibiti kamari iliyasimamisha, tena kwa siku 30. Na ni nani kati yetu aliyewahi kubadilisha stesheni haraka kwa sababu tangazo la kamari limetokea mama akiwa sebuleni?