Yakobo Arudi kwa Ndugu Yake

Katika wilaya ya Ngara, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, mto Kagera huanguka kwa kishindo penye miamba ya Rusumo. Hapo pana daraja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja tu, watu wapata robo milioni walilivuka kutoka Rwanda, wamejitwika mikeka na vyungu, na watoto mgongoni. Mwezi ule katika nchi yao Watutsi walikuwa wakiuawa kwa maelfu, na Wahutu waliokataa uovu ule waliuawa pia. Kisha jeshi la RPF likawa linashinda vita, na upande ulioshindwa ukakimbia. Basi katika msafara ule walikuwamo wengi wasio na hatia, na wauaji walikuwamo, wala haikuwa rahisi kuwatenga.

Wahangaza, wenyeji wa Ngara, waliyaelewa maneno ya wageni wao, kwa maana lugha zao ni za karibu sana. Pale Benaco palitokea kambi kubwa kama mji, na miti mingi ya nchi ikaishia mafigani. Humo kambini baadhi ya wakuu waliwazuia watu wasirudi kwao, wakitumaini vita vingine. Ndivyo ulivyo moyo wa aliyeshindwa: huhesabu siku, akingoja zamu yake.

Kitabu cha Mwanzo kina kisa chenye mto, mkimbizi na ndugu aliyedhulumiwa. Yakobo alimshinda Esau mara mbili: kwanza kwa chakula cha dengu, halafu kwa ngozi za mbuzi alizovaa mikononi ili baba yao, asiyeona, asimtambue. Faida ya ushindi wake ilikuwa kukimbia na kulala porini, kichwa juu ya jiwe.

Baada ya miaka 20 alirudi. Akapata habari kwamba Esau yu njiani na watu 400. Akaogopa mno, akatanguliza zawadi ya mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, jumla wanyama 550, bila kuhesabu wana wa ngamia. Mtu aweza kusema kwamba alitaka kununua huruma, na labda ni kweli. Walakini mwizi wa baraka asiyetoa kitu ameomba radhi kwa mdomo tu. Usiku ule, kwenye kivuko cha Yaboki, alishindana mweleka na mtu asiyemjua hata alfajiri, akateguka nyonga. Alibarikiwa, naye akaondoka akichechemea. Kulipokucha hakujificha nyuma ya wake zake na watoto. Alitangulia mwenyewe, akainama mara saba.

Esau alikuwa na haki, tena alikuwa na nguvu. Akapiga mbio, akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Si wote waliovuka Rusumo walikuwa kama Yakobo. Wengi hawakumwibia mtu. Tena Esau alipoteza baraka, lakini huko Rwanda watu walipoteza wazazi na watoto. Mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi wengi sana walirudishwa kwao kwa daraja lile lile. Baadaye mahakama za gacaca zilikaa vijijini hata mwaka 2012. Mshitakiwa alisimama mbele ya jirani zake. Aliyekiri na kuomba radhi aliweza kupunguziwa adhabu, na wengine walipewa kazi za umma, kama kutengeneza barabara na kujenga nyumba. Wako wafiwa waliosamehe, na wako wasioweza. Aliye mbali asiwe mwepesi kuwahukumu.

Hata Esau na Yakobo hawakukaa mji mmoja. Esau alitaka waende pamoja Seiri; Yakobo akaahidi kumfuata polepole, kisha akashika njia ya Sukothi. Miaka ikapita. Isaka alipokufa, mzee aliyeshiba siku, walikuja wote wawili wakamzika.